Mistari Miwili Migato

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Bariadi sihitaji kulisema mwenyewe, maana wapo wanaolisema kwa niaba yangu huku wakicheka. Mnada huwa nahadithiwa tu ulivyokuwa. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba naposa, katika umri ambao wenzangu wanasomesha, jirani aliniuliza, "Ngosha, huyo binti alikuja mwenyewe hadi mlangoni?" Ndiyo. Alikuwa anauza mchele.

Safari yangu pekee ya maana ilikuwa kwenda kuishi kwa kaka yangu katika mji wa mbali, ambako nilihama kochi moja nikakaa kwenye jingine. Shemeji alivumilia, kisha akachoka. Ndiye aliyesikia kuwa watafiti wanatafuta watu wasio na VVU wajitolee kwenye majaribio ya chanjo, akanisukumia huko ili angalau niwe naoga asubuhi.

Sindano nilizitarajia, na damu pia. Sikutarajia mate. Kila nilipokwenda, daktari mmoja, dada mpole, aliniwekea kisponji kwenye ufizi, nami nikakaa nacho kama mtoto mwenye pipi. Zilichukuliwa pia sampuli nyingine, za sehemu ambazo hata kaka sikumsimulia. Siku moja nikamuuliza yule daktari, kwani damu haitoshi?

"Damu inatuonyesha nani yuko sebuleni," akasema. "Lakini kirusi kinaingilia kwenye utando ule laini, hasa wa huko chini. Tunataka kujua kama kingamwili zinafika mpaka mlangoni."

Baadaye walituita wakatupa majibu. Kingamwili zilitengenezwa, na kwa wengine wetu, mimi nikiwemo, zilionekana hadi kwenye mate. Ila chanjo yenyewe haikuzuia maambukizi, hivyo majaribio yakasitishwa. Yaani nilikuwa na walinzi mlangoni, wamevaa sare, wasiomzuia mtu. Daktari akanionya pia kwamba kipimo cha kawaida hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, kwa hiyo ninaweza kuonekana nina kirusi wakati sina. "Popote utakapopima, waeleze kwanza." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi siendi popote.

Nikarudi Bariadi, kisha nikaenda Migato, kijijini kwa yule muuza mchele, kuposa. Mchumba wangu alilelewa na shangazi yake, sengi kama wanavyomwita kwao, na sengi alisema habari ya ng'ombe haitaanza kabla sijapima mimi na binti. Kanisani wangetupima vilevile, lakini yeye hakutaka kupata habari mbaya kanisani. Alikuwa ameshachukua vipimo vya mate kwa mhudumu wa afya wa kijiji.

Nilikwenda na mjomba, awe msemaji wangu. Tukaamkiana, mwangaluka, mwangaluka, tukakaa, yakaja maziwa. Kwenye boma lile mgeni hasemi shida yake kabla hajanywa maziwa mgando, na kuyakataa ni kuwatukana ng'ombe na mwenye ng'ombe. Maelezo ya kipimo yalisema usile wala usinywe kitu kabla ya kupima. Hakuna aliyekumbuka, wala mimi sikukumbuka nililoambiwa na daktari. Nilikunywa kama mkwe mwenye adabu, nikaongezewa, nikanywa tena.

Tukapima. Cha binti kikatoa mstari mmoja, wa salama. Changu kikatoa miwili.

"Ni chanjo," nikasema haraka.

"Chanjo ya nini?" sengi akauliza.

"Ya ukimwi."

"Kumbe ipo?"

"Haipo."

Mjomba akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo, baba, ulichanjwa isiyokuwepo."

"Ilikuwa inajaribiwa, sengi. Ikashindwa."

"Mbona hapa naona imefaulu?"

Mjomba akaona njia ya kuniokoa. "Ni maziwa haya! Kipimo hakitaki maziwa."

Hapo sengi alikasirika kuliko alivyokasirikia ile mistari. "Maziwa yangu wamekunywa watu wa kata nzima. Hayajawahi kumpa mtu mstari!"

Basi tukakaa vinywa vitupu, sahani ya michembe mbele yetu, viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo hakuna aliyethubutu kugusa, mpaka aliporidhika kuwa mdomo wangu hauna maziwa tena. Akaleta kipimo kingine. Miwili. Sengi akashusha pumzi. Ng'ombe wake walikuwa wameachiwa huru. Mshtakiwa nilibaki mimi.

Mchumba wangu alinivuta nyuma ya nyumba.

"Kuna mwanamke mwingine?"

"Ningempatia wapi?"

Hakucheka. Nilitegemea sana kwamba angecheka.

"Nataka kukuamini," akasema. "Ila nataka kuzaa pia, na nataka kuishi. Nenda ukapime kile kinachotafuta kirusi chenyewe. Kabla ya hapo usije."

Niliwapigia watafiti, wakazungumza na hospitali. Nikatolewa damu Bariadi, ikapelekwa Mwanza. Nikaachwa nyumbani, kitu nilichokuwa nikikiomba maisha yangu yote, na sikuweza kukaa. Nilitembea hadi stendi nikarudi bila sababu, kutwa mara kadhaa. Jirani akadhani nagombea udiwani.

Majibu yakaja: kirusi hakimo. Nikaomba mshauri wa hospitali ampigie sengi mwenyewe, maana neno langu lilikuwa limeshapoteza soko. Kisha tukarudi Migato, mimi na mjomba.

"Nimeelezwa," sengi akasema. "Sasa ukipima tena kesho kwa mate?"

"Miwili."

"Na mwakani?"

"Huenda miwili."

Alinitazama sana. "Basi nimepata mkwe wa kuelezea watu mpaka nazikwa. Kanisani nieleze, kliniki nieleze, visimani nieleze." Akamgeukia mjomba. "Ongezeni ng'ombe mmoja. Huyo ni wa kazi ya kueleza."

Mjomba akaruka. Ng'ombe wa maneno, alisema, hajawahi kumsikia tangu azaliwe, wala hatatoka zizini kwake. Wakavutana mpaka nikaona posa imekufa.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, mahali ambapo siku kama ile mwali anatakiwa akae kimya.

"Sengi, huyo ng'ombe mwache. Wa kumwelezea mume wangu kwa watu ni mimi."