Mbavu za Mwalimu Delfina

Zulma Echarri aliuza nyama mjini Laprida kwa miaka kumi na tisa, na wateja wa kuchungwa wasiibe aliwajua kwa majina. Mwalimu Delfina Bergonzi hakuwa mmoja wao. Nani angemchunga mtu aliyeifundisha nusu ya mji kusoma, Zulma mwenyewe akiwemo?

Mwalimu alikuwa na miaka sabini na minane, hakuwahi kuolewa, na marehemu baba yake alikuwa fundi wa magari ya mbio. Ndiyo maana bibi huyo mfupi, mwenye koti lililopigwa pasi hadi linang'aa, alijua kabureta kuliko wanaume wote wa foleni ya bucha. Katika mbio za magari alikuwa mtu wa Ford. Osmar, mume wa Zulma, alikuwa wa Chevrolet kama baba yake na babu yake, na kila Jumamosi wawili hao walirushiana maneno, mizani ikiwa katikati yao, huku wateja wakicheka na kuchagua upande.

Jumamosi hiyo bucha ilijaa. Kesho yake kulikuwa na mbio za magari mjini Balcarce, na Jumapili ya mbio hakuna nyumba isiyochoma nyama, hata kama siku hizi wengine walichoma kuku, aliye nafuu kuliko ng'ombe, na kuona aibu kusema. Bei ilikuwa imepanda tena. Mwokaji mikate alisema serikali hii itawamaliza. Mwenye duka la dawa akamjibu kwamba waliotangulia ndio waliokula kila kitu, hawa wanaosha vyombo tu. Mwalimu Delfina aliwanyamazisha wote wawili kwa sauti yake ya darasani. Serikali ipewe muda, alisema. Watu wakaze mkanda, wamezoea vya bure. Kisha, bila kuvuta pumzi, akahamia kwenye mbio: dereva wa Ford angempita yule wa Chevrolet kwenye kona ya nne, kwa sababu pale gari huhitaji breki, siyo kelele.

Osmar alikuwa ameingia kwenye chumba cha baridi. Zulma alikuwa amegeukia msumeno, mbele ya mlango wa kioo wa friji, na humo kwenye kioo akauona mkono wa mwalimu. Ulinyooka juu ya meza, ukachukua kifurushi cha mbavu kilichokuwa kimeshafungwa kwa ajili ya mwokaji mikate, ukakitumbukiza kwenye kikapu. Kilichomgandisha Zulma hakikuwa mkono. Ni kwamba mdomo haukusita. Ile sentensi ya kona ya nne iliendelea hadi nukta yake, na watu wakacheka palepale alipotaka wacheke.

Zulma alipogeuka, mwalimu aliomba robo kilo ya nyama ya kusaga, akalipa, akaaga kila mtu kwa jina. Zulma akampimia mteja aliyefuata maini badala ya figo. Mwokaji alipoulizia mbavu zake, Zulma akamkatia nyingine.

Alimweleza Osmar wakati wa chakula cha mchana. Osmar alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akaweka uma chini.

"Mwalimu? Mwalimu wetu?"

"Kwa macho yangu."

"Basi ni uzee, Zulma. Alidhani ni chake."

Zulma alitamani sana iwe hivyo. Usiku kucha aliligeuza jambo hilo akilini, na kila mara akauona ule mkono. Haukuwa mkono wa mtu aliyesahau.

Jumapili, mbio zilipoanza na barabara zote zikawa tupu, alimwacha Osmar akichochea makaa, akaenda nyumbani kwa mwalimu. Hakujua atasema nini. Mwalimu alifungua mlango kabla hajabisha mara ya pili. Redio ndogo ilikuwa inatangaza mbio. Pale ilipokuwa televisheni palibaki alama nyeupe ukutani. Mlango wa friji ulikuwa wazi, waya umechomolewa, na ndani yake mlikuwa mmepangwa vitabu. Juu ya meza, katika sahani ya maua, zile mbavu zilikuwa zimelala mbichi, zimetiwa chumvi.

"Kaa, mwanangu," alisema mwalimu. "Niliona kwamba umeniona. Kwenye kioo."

"Mbona basi hukurudisha?"

"Mkono ulikuwa umeshaingia kikapuni. Na watu wote walikuwa wananisikiliza."

Zulma akauliza kwa nini hakuzipika. Mwalimu akatazama jiko. Gesi ilikwisha Alhamisi, alisema. Alikumbuka alipofika nyumbani. Pensheni yake siku hizi haivuki tarehe kumi na mbili.

"Na bado unaitetea serikali mbele ya watu?" Sauti ilimtoka Zulma kali kuliko alivyotaka.

"Niliipigia kura. Nikisema nilikosea, nitabaki na nini?"

Mtangazaji akapaza sauti. Mwalimu akainua kidole kuomba kimya, wakasikiliza wote wawili. Chevrolet ilikuwa inaongoza. Zulma akasema Osmar ameshawasha moto, waende wakale pamoja. Mwalimu akakataa. Leo hawezi kumtazama mtu wa Chevrolet usoni, alisema, na Zulma akaelewa kwamba sababu haikuwa mbio.

Akaifunika sahani kwa kitambaa, akatembea nayo hadi nyumbani. Osmar alizitandaza zile mbavu juu ya makaa kando ya zao. Zilipoiva Zulma akazirudisha zikiwa bado zinachuruzika mafuta. Mwalimu alitandika kitambaa cha meza, akala kwa kisu na uma, polepole, na kila alipouweka uma chini Zulma akauona mkono wake wa kushoto ukishika ukingo wa meza kwa nguvu, kuuzuia mwili usikimbilie chakula.

Jumatatu Osmar alipeleka mtungi wa gesi kwa mwalimu, akauacha jikoni, akarudi. Mkewe alipomuuliza, alisema tu kwamba vile vitabu ndani ya friji hajapata kuona kitu kama hicho.

Jumamosi iliyofuata mwalimu Delfina alikuwa kwenye foleni, koti limepigwa pasi. Mwokaji mikate alilalamika juu ya bei ya umeme, naye akamjibu, kwa sauti ileile, kwamba nchi haijengwi kwa siku moja. Zulma alisimama na kisu hewani. Alimtafuta macho, lakini mwalimu alikuwa anawatazama wengine, na uso wake haukuwa na hata kivuli cha aibu. Au labda uso ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kuchunga. Zulma alimpimia nyama ya kusaga, akazidisha, akafunga haraka.

Osmar alishauri vifurushi vihamishiwe nyuma. Zulma akakataa, akaviacha palepale mezani, mkono wa mtu unapofika. Na tangu siku hiyo, mtu akipaza sauti kuhusu rais au mbio au bei ya ngano, yeye hamsikilizi tena maneno. Hutazama viatu vya msemaji kama vimechakaa, na kola ya shati, na mikono.