Sifuri ya Bibi

Wapo wanaosema nilimkosea adabu mzee wa watu siku ya kuagwa kwake. Wacha waseme. Walikula wali na kuku wa sherehe ile, wakapiga makofi pa kupiga, wakanuna pa kununa, wala hawakujua kilichokuwa kinaendelea. Mimi ndiye niliyelibeba jambo lenyewe miaka kumi na minne, tangu nikiwa kidato cha tano hapahapa Tukuyu mpaka nikarudi kuwa mwalimu wa Kiswahili kwenye shule ileile. Ngoja nilieleze mwenyewe.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na kitu alichokipenda kuliko sisi wanafunzi wake: grafu. Alibandika karatasi ya manila ukutani nyuma ya darasa, kila mwanafunzi na mstari wake. Ijumaa tunaandika insha, Jumatatu anaongeza nukta kwa maka peni na kuziunganisha kwa rula. Alama ya juu kabisa ilikuwa ishirini. Mkaguzi akija anapelekwa kwanza kwenye manila, anaitikia kwa kichwa, anaridhika, anakwenda kunywa chai. Sitamnyima haki yake, hakuna mwalimu mwingine aliyejisumbua kufuatilia uandishi wetu wiki hadi wiki. Lakini ndani ya daftari hakukuwa na cha kukusaidia. "Jitahidi." "Ongeza nahau." "Hovyo." Basi. Ulijua uko chini, hukujua utoke vipi.

Mstari wangu mimi ulikuwa umelala: tano, sita, tano. Nilikuwa nimetoka shule ya kata, na insha zangu zote zilianza na jua linachomoza kwa madaha na ndege wanaimba kwa furaha, hata kama naandika habari za msiba. Ndivyo tulivyokaririshwa. Na Tukuyu hii, hilo jua la madaha nililionea wapi? Mvua tu, asubuhi mpaka jioni.

Tuliishi Msasani ya hapahapa Tukuyu, vyumba viwili, mimi na mama na bibi mzaa mama. Mama alikuwa mchumaji wa chai. Alfajiri anaondoka na lori, jioni anarudi hata mgongo haunyooki. Bibi tulimchukua kutoka Lufingo babu alipofariki. Hakujua kusoma wala kuandika, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, nusu yake Kinyakyusa. Jioni moja alikuwa anamenya ndizi jikoni, mimi pembeni nasoma insha yangu kwa sauti. Akaniuliza, "Huyo mtu wako amesimama wapi?"

"Mtu gani, bibi?"

"Huyo unayemsema. Simwoni."

Nikamwambia hii ni insha, si lazima umwone. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. "Sasa unanisomea ya nini?"

Niliudhika, nisidanganye. Lakini kesho yake nikaiandika upya ile sentensi, nikamsimamisha mtu wangu mlangoni na ndoo mkononi. Bibi akasema, "Eeh. Sasa yupo." Tangu hapo ikawa kazi yetu ya kila jioni. Akisema "simwoni," nakata. Akisema "hilo umeshasema," nakata. Kisu chake kikisimama katikati ya ndizi, najua hapo nimepatia. Maneno makubwa yalikwisha moja moja, maana bibi hakuyajua, na kila nilipojaribu kumweleza nilikuta hata mimi siyajui.

Mstari wangu ukaanza kuinuka kidogo, saba, nane. Halafu mwalimu akatupa insha ya kuandikia nyumbani wiki nzima, "Mwalimu Wangu wa Kwanza." Wenzangu wote waliandika walimu wao wa chekechea. Mimi nikamwandika bibi. Nilianza hivi: "Mwalimu wangu wa kwanza hakujua kusoma. Alikuwa akimenya ndizi, na kisu chake kilikuwa kinajua uongo unapoanza." Nilimsomea jioni ya mwisho, ndizi zikabaki hazijamenywa. Aliniambia, "Huyo mwanamke namjua," akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Jumatatu mwalimu aligawa madaftari yote, la kwangu akalibakiza. Akaniita nyuma ya darasa, kwenye manila yake. "Soma mstari wako kwa sauti."

"Tano, sita, tano, saba, nane."

"Na hii ingekuwa kumi na nane. Mwanafunzi hapandi hivyo. Nani amekuandikia?"

Nikasema nimeandika mwenyewe, ila bibi yangu alinisikiliza. Darasa zima likaangua kicheko. Na yeye akacheka. Akasema haya, kesho nimlete huyo bibi bingwa.

Bibi alikuja. Alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya mama vilivyompwaya, akatembea na mvua kutoka Msasani huku ameshika mkono wangu. Alidhani anaitwa kupongezwa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo hii. Njia nzima alikuwa ananiuliza, wakimshukuru, yeye ajibu nini kwa Kiswahili. Na mimi, mwoga mkubwa, sikuwa na moyo wa kumwambia.

Ofisi ya walimu ilikuwa imejaa, saa ya chai. Mwalimu hakumpa bibi hata kiti. Alimnyooshea daftari langu kwa heshima ya kebehi, "Karibu bibi. Tusomee ulichomwandikia mjukuu wako." Bibi akalipokea kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu zake. Akalitazama. Alikuwa amelishika juu chini. Walimu wakacheka, mmoja akapaliwa na chai akapigwa mgongoni. "Huyu ndiye mwalimu wako wa kwanza?" mwalimu akaniuliza. Akalichukua daftari, akaandika mbele yetu kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: Sifuri. Hii si kazi yako. Nani amekuandikia?

Bibi hakuelewa maneno yote, lakini kicheko alikielewa. Hakuna lugha isiyo na kicheko cha namna ile. Akapiga goti kidogo, kama desturi yetu. "Ndaga, mwalimu," akasema. Asante, mwalimu. Akatoka kwenye mvua, viatu vya mama vinampwaya.

Jioni nilichukua daftari nikakaa jikoni kama kawaida. Akanikatiza kabla sijamaliza mstari wa kwanza. "Mpelekee mwenye kujua, mwanangu," akasema, akaendelea kumenya ndizi zake. Nilijaribu kesho yake, na wiki iliyofuata, na muhula uliofuata. Kila siku ni hilohilo, mpelekee mwenye kujua. Alifariki nikiwa kidato cha sita, hajanisikiliza tena hata sentensi moja.

Basi nikaapa. Nilijua barabara ninachokitaka. Sikutaka aniombe msamaha. Msamaha ningeupeleka wapi, na aliyekosewa yuko chini ya udongo Lufingo? Nilitaka siku moja yule mtu aseme kwa mdomo wake, mbele za watu, kwamba kazi ile ilikuwa yangu na kwamba bibi ndiye aliyenifundisha. Daftari nikalifungia kwenye sanduku la nguo. Nililibeba chuoni, nikalibeba kwenye kituo changu cha kwanza cha kazi, na uhamisho wa Tukuyu ulipotoka nikarudi nalo.

Nilimkuta bado yupo, sasa ni mwalimu wa taaluma, kiti cha kuzunguka, na manila yake imehamia ofisini. Nikamwamkia, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Wewe si nilikufundisha? Mimi nilikuona mapema kwamba utafika."

Ulinionaje, mzee? Nilitabasamu mpaka taya likauma.

Darasani kwangu sikubandika grafu. Kila mwanafunzi nilimfungulia jalada, insha zote humo kwa mpangilio, ya kwanza chini, ya mwisho juu, na sharti moja: kabla ya kuniletea, amsomee mtu asiye na haja na alama zake, na pembeni aandike alichoambiwa. Wakaleta maajabu. Babu mmoja wa Matwebe alimwambia mjukuu wake, "Ng'ombe huyu umemwacha mvuani tangu mwanzo, mrudishe zizini." Binti mmoja, baba yake fundi cherehani pale sokoni, mzee wa kanzu na kofia, aliandika pembeni: "Baba anasema hapa nimeshona mara mbili." Mtu akiruka ghafla kutoka saba mpaka kumi na sita, simuulizi nani amekuandikia, thubutu! Namketisha, tunafungua jalada, namuuliza alikata nini. Aliyeandika mwenyewe anakujibu mpaka unachoka kusikiliza.

Mzee wa taaluma alikuwa akipita, anafunua jalada moja mawili kwa ncha ya vidole. "Mwalimu, hizi habari za jikoni. Mimi nipe alama." Nikampa alama, na zilikuwa zinapanda. Akazichora kwenye manila yake, akawaonyesha wakaguzi kuwa ni mkakati wa ofisi ya taaluma. Nikasema moyoni, endelea, mzee, jaza kikapu.

Mwaka jana muda wake wa kustaafu ukafika. Wiki mbili kabla ya sherehe akanijia mwenyewe mezani kwangu, sauti ya chini. "Binti yangu, mimi kazi yangu ilikuwa kusahihisha, si kuandika. Wewe una mkono. Nitengenezee hotuba ya kuaga, kitu cha kugusa watu. Ila ibaki kati yetu, ee?"

Nusura nicheke mbele ya uso wake. Nikasema, "Hamna shida, mwalimu."

Sikuumiza kichwa. Nilifungua sanduku la nguo nikanakili insha yangu neno kwa neno, juu nikaongeza salamu kwa mgeni rasmi, chini nikaongeza shukrani kwa wafanyakazi. Aliisoma akiwa amesimama, akatikisa kichwa. "Tamu sana hii. Ila huyu bibi?"

"Kila mtu ana bibi, mwalimu."

Akaikunja, akaitia mfuko wa koti.

Siku yenyewe bwalo lilijaa: walimu, wazazi, wanafunzi wa kidato cha tano na sita, mgeni rasmi kwenye kochi lenye vitambaa. Mvua iligonga bati mpaka wakaongeza sauti ya spika. Mzee akasimama na suti mpya, akavaa miwani, akaanza. "Mwalimu wangu wa kwanza hakujua kusoma." Bwalo likatulia. Alipofika kwenye kisu kinachojua uongo unapoanza, kinamama wa mbele wakaguna, "Mwe!" Alipomaliza walipiga makofi wamesimama, na mgeni rasmi alikuwa anafuta macho kwa leso. Na mzee naye alikuwa analia! Anamlilia bibi yangu! Nilikaa pale nimebana kifurushi changu kifuani kwa hasira na kwa furaha, sijui ipi ilizidi.

Zikafuata zawadi. MC akapiga muziki, tukapanga mstari tukicheza kwenda mbele, wenzangu na vitenge na blanketi na seti ya vikombe. Mimi nilikuwa wa mwisho, na kifurushi cha gazeti. Nikamwambia kwa kipaza sauti, "Fungua hapahapa, mwalimu." Watu wakaitikia, "Fungua! Fungua!" Akafungua huku anacheka. Daftari kuukuu, nimeweka kijiti kwenye ukurasa.

"Tusomee maneno mekundu, mwalimu."

Mtu aliyesahihisha maisha yake yote, ukimpa wino mwekundu anasoma bila kufikiri. "Sifuri," akasoma kwenye spika. "Hii si kazi yako." Mwandiko ulikuwa wake. Akapandisha macho mpaka mstari wa kwanza wa ukurasa, halafu akatazama karatasi ya hotuba iliyokuwa bado mkono wa pili. Niliona jambo linavyomwingia. MC akazima muziki, nadhani alidhani mzee anajisikia vibaya.

"Umebakiza sentensi moja," nikasema.

Akarudisha macho kwenye wino mwekundu. "Nani amekuandikia?"

"Ndiyo. Hiyo hotuba, mwalimu, nani amekuandikia?"

Angeweza kusema uongo. Angeweza kukaa. Lakini daftari lilikuwa mkononi mwake, na karatasi mkono mwingine, na mgeni rasmi amejongea ukingoni mwa kochi.

"Wewe," akasema.

"Na mimi nilifundishwa na nani?"

Mvua tu kwenye bati. Sasa alikuwa amenikumbuka, na alikuwa amekumbuka viatu vilivyopwaya. Nililisoma hilo usoni mwake.

"Bibi yako."

"Wa nyuma hawajasikia, mwalimu."

Akawageukia watu, kipaza sauti mdomoni. "Alifundishwa na bibi yake," akasema. "Kazi ilikuwa yake, na alifundishwa na bibi yake."

Nikapiga goti, kidogo tu, kama desturi yetu.

"Ndaga, mwalimu," nikasema, nikachukua daftari langu, nikarudi kukaa.