Mvumo wa Friji Sikioni mwa Binti Yangu

Kampuni binafsi zilipoanza kununua pamba, ushirika alikokuwa karani mume wangu ukadhoofika, naye akafungua duka hapa Bariadi mjini, mbele ya nyumba yetu. Fahari ya duka ilikuwa friji la soda. Alilifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyochana nywele zake, ingawa sina uhakika kama hizo nywele bado zilihitaji kuchanwa.

Binti yetu alikuwa na miaka saba. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi, kisha mfadhili akamgharamia upasuaji India. Walimpandikizia kifaa cha kusikia ndani ya kichwa, na nje akavaa kingine nyuma ya sikio, chenye waya mfupi na sumaku iliyonasa juu ya nywele.

Jumatatu moja alitoka shule, akapita dukani, akashika sikio. "Mama, kuna nyuki."

Nikabadilisha betri. Nyuki wakabaki. Nikadhani ni jasho, maana siku zile joto lilikuwa kali, nikakiweka kifaa kwenye kopo lake la vidonge vya kukaushia hadi asubuhi. Bado. Nikatoa waya wa akiba, niliokuwa nautunza kama dhahabu, nikaufunga. Binti akatikisa kichwa.

Mume wangu, ambaye hakuwahi kufungua kitabu cha maelezo, alikuwa na jibu. "Ni kampuni za simu. Minara imekuwa mingi."

"Mnara mmoja," nikamwambia.

"Ndiyo wanaanza hivyo."

Alhamisi nikaamua kumchunguza mtoto chumba kwa chumba. Uani akasema kimya. Jikoni kimya. Mlangoni mwa duka akakunja uso, na karibu na friji akaziba sikio. Nikafurahi kwamba nimempata mdudu. Kisha nikajiuliza anamaanisha nini kwa kimya, wakati kuku walikuwa wakipiga kelele uani. Nikamrudisha kule, nikafunika mdomo kwa khanga, nikamwita jina lake. Alinitazama tu, akisubiri nifunue.

Nilikaa chini. Siku nne mtoto wangu alikuwa hasikii chochote ila friji, na alitujibu kwa kusoma midomo. Hata mwalimu wake alikuwa amenisifia kwamba siku hizi ametulia darasani, nami nilimshukuru.

Nikampigia fundi wa vifaa hivyo aliyekuwa Dar es Salaam.

"Tazama swichi, dada. Iko kwenye herufi gani?"

"T."

"Hapo maikrofoni imezimwa. T ni ya kusikilizia simu, inanasa sumaku ya mitambo. Friji, taa za mirija, vyote vitavuma. Irudishe kwenye M. Nani aliigusa?"

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amepata kazi ya ghafla ya kupanga sabuni.

"Jumatatu asubuhi nilimvalisha mimi," akasema akiziangalia sabuni. "Nikaona M, nikajua ni Mapumziko. T nikajua ni Tayari."

"Mtu aliyekuwa karani," nikasema.

"Karani wa pamba," akanijibu.

Nikasogeza swichi. Binti akashtuka, akageukia uani kwa kuku, kisha akacheka. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza baba yake vizuri, lakini nilipoona amemchuchumalia mtoto na macho yamelowa, nikaacha.

"Mayu, nisamehe," akamwambia, akimwita kama Wasukuma wamwitavyo binti wampendaye. "Nilikosea mimi."

"Sijasikia."

Akarudia kwa sauti zaidi.

"Bado."

Akarudia mara ya tatu, wateja wawili wakiwa wamesimama mlangoni. Ndipo binti aliponitazama akibana kicheko, nikajua alisikia tangu mara ya kwanza. Sikumwambia baba yake.