Mchezo wa Karata Ulioachwa Wazi

Shemeji yangu ni fundi kompyuta, na tangu dada yangu afariki, kwake baridi na joto ni sawa. Chakula ukimpa anakula, usipompa hadai. Watu wanampa pole, naye anawajibu "nzuri", ati wamemsalimia. Nilihamia kwake nimsaidie, sasa naona naongea na kuta.

Kitu kimoja tu kilimshughulisha: laptopu ya marehemu. Ilikaa mezani sebuleni, imechomekwa kwenye umeme, haizimwi. Dada alikuwa akicheza karata humo, zile za kucheza peke yako, akaanguka mchezo ukiwa katikati. Shemeji hakugusa hata karata moja. Umeme ukikatika anaikumbatia mbio mpaka kwa jirani mwenye jenereta, ndala zinabaki njiani. Jirani akaniuliza, "Huyu mzima kweli?" Nikamwambia ashughulike na jenereta lake.

Basi binti yao akaitwa kufanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, unaofanyiwa kwenye kompyuta, nyumbani. Siku moja kabla, akafungua programu ya mtihani, laptopu yake ikaganda. Akaizima, akaiwasha, ikaganda tena. Baba yake akafungua mfuniko wa chini, akatazama, akasema memori ni ndogo, lazima iongezwe. Akazunguka madukani akarudi mikono mitupu. Za aina ile ya zamani haziletwi tena.

"Ya mama inaingia," binti akasema polepole. "Laptopu hizi mlizinunua pamoja."

Shemeji akaendelea kuchungulia ndani ya ile ya binti, ati hakusikia. Nikamvaa. "Shemeji, usinitanie! Mtoto akikosa kesho ni mpaka mwaka ujao. Aliyekufa hachezi karata!"

Jamani, mdomo wangu huu! Binti alinitazama hadi nikaona aibu. Baba yake hata hakukasirika.

"Ipige picha basi," nikasema, nikijikosha.

"Picha si mchezo. Nikizima unafutika."

Hata hivyo akavuta kiti. Akashika nondo za dirisha, kama anavyofanya kila anapotaka kugusa memori, kuondoa umeme wa mwilini. Akabonyeza pa kuizima laptopu. Kioo kikauliza: Mchezo haujaisha. Unataka kuondoka?

Kidole kikabaki hewani. Hata mimi nisiyejua karata niliona saba nyekundu ina pa kwenda.

"Iweke basi," nikamnong'oneza.

"Si zamu yangu."

Kisha akakijibu kile kioo kwa sauti, "Ndiyo," akabonyeza. Kikawa cheusi.

"Nipe bisibisi, shemeji," akasema, kwa sauti yake ya kazini. Akatoa memori, akaipachika kwa binti, akabana mpaka ikalia ta!

Programu ikafunguka. "Imekubali, mama mdogo! Baba, imekubali!"

"Vizuri," akasema. Alishageukia ile ya dada, tupu ndani, akikaza skrubu zake. Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Akaniangalia.

"Shemeji, una nini?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli.