Alama ya Nzioka

Kasyoki alikuja dukani kwangu Jumatano akiuliza kama nina dawa ya kutoa rangi. Nilimtania, nikamuuliza kama mkewe Nzisa ameshachoka na rangi ya mlango. Hakucheka. Alisema ni ya bunduki, na Ijumaa ikifika bado ina rangi, kituo cha polisi kitaichukua.

Huku kwetu mashariki ya Kitui, karibu na mpaka wa kaunti, kila mtu anaijua bunduki hiyo. Ni kuukuu, ina kitako cha mbao, na ni mali ya serikali. Kwa miaka kumi na mitatu Kasyoki, polisi wa akiba asiye na mshahara, ameitumia kulinda mifugo yetu huku sisi tukikoroma. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo tulivyoishi naye.

Kabla yake ilikuwa ya kakake, Nzioka, aliyeuawa kwa risasi akifuata mbuzi walioibwa wa majirani. Kasyoki aliomba apewe ileile. Aliipokea ikiwa imepakwa rangi ya kijani, ile iliyobaki tulipopaka milango ya kanisa, na hakuna aliyejua kwa nini Nzioka aliipaka. Sasa amri ilikuwa imetoka: rangi yote itolewe, namba isomeke, mbao ipakwe mafuta upya.

Nilienda kumsaidia uani kwake, maana dawa ile inachoma vidole. Alihakikisha kwanza haina risasi. Akaipaka dawa kwa brashi, tukangoja, rangi ikavimba na kujikunja kama utando wa uji. Tukaikwangua kwa vijiti, kwa sababu kisu kingejeruhi mbao. Namba ilitokea kwenye chuma, nikashusha pumzi.

Kisha karibu na mwisho wa kitako ikatokea mistari miwili na nusu duara. Ilikuwa alama ya ukoo wao, ile wanayochonga kwenye mizinga ya nyuki ili anayeuona mzinga mtini ajue ni wa nani na asiuguse. Nzioka alikuwa ameichonga kwenye bunduki ya serikali! Nadhani baadaye aliogopa, ndipo akaifunika kwa rangi ya kanisa. Kosa la namna hiyo hulifanya mtu aliyekua akitundika mizinga.

Nilimpa Kasyoki msasa. Nikamwambia asugue kidogo tu, mambo yaishe. Alisugua mara mbili pembeni mwa alama, akaacha.

"Hii ni mkono yake," akasema. "Nimechoka, lakini hii siwezi kuifuta."

Akaipaka mafuta ya nyonyo pamoja na ile alama, mpaka mbao yote ikang'aa.

Ijumaa nilimsindikiza kituoni. Mkaguzi, kijana mpole, alisoma namba, akaisifu kazi, halafu kidole chake kikasimama palepale. Alisema bunduki ya serikali haina ukoo. Hakumfokea, alimsogezea msasa, akamwambia mzee aifute alama hapo mezani arudi na bunduki nyumbani, la sivyo ibaki.

Kasyoki aliurudisha ule msasa.

"Afande, ndugu yangu aliweka hiyo alama ndio isipotee," akasema. "Na haikupotea. Ni yeye alipotea."

Akatia sahihi, akaiacha mezani. Njiani nilikuwa nikiwaza ni nani sasa atakayelinda ng'ombe wangu, na nikajichukia kwa kuwaza hivyo.

Saa tisa alasiri nilipita kwake kumjulia hali. Nzisa alinipokea mlangoni, akanionyesha kwa mkono ninyamaze. Ndani, Kasyoki alikuwa amelala fofofo juu ya kiti kirefu, viatu vyake bado miguuni.

"Wacha alale," Nzisa akaninong'oneza. "Tangu wampatie hiyo kitu, sijawahi kumuona amelala hivi."