Kinyaa cha Verl Esplin

Verl Esplin amemwaga vinyesi vya watu wengine kwa miaka kumi na saba. Si tusi hilo, ndiyo kazi yake. Tunakodisha magari-nyumba, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani, hapa kusini mwa Utah: mimi niko kaunta na funguo, yeye yuko uani na glavu zake ndefu za mpira. Gari likirudi kutoka mbuga za Zion au Arches au Bonde la Mauti, mimi natafuta mikwaruzo. Verl anainama chini ya gari, anaunga bomba kwenye tangi la choo, anavuta kishikio, na kila alichokila mteja kwa siku kumi kinapita mbele ya macho yake.

Wateja wetu wananitia kichefuchefu hata mimi nisiyeshika bomba. Wanakuja na kofia mpya, wanasema wanatafuta utulivu wa jangwa. Wanarudisha gari lenye nywele kwenye sinki na mafuta ya nguruwe yaliyoganda kwenye pazia. Mle tangini wametia vitambaa vya kupangusia watoto, maganda ya parachichi, na safari moja soksi nzima. Kibandiko juu ya choo kinawaambia wasitie kitu, nao wanatia. Verl huvivuta vitu hivyo kwa ndoano ya waya, kimoja kimoja, kisha huingia ofisini, hunawa mpaka kwenye viwiko mara tatu, na kukaa na kikombe chake kikubwa cha soda ya barafu.

"Huyu wa Ohio," huniambia, "uso wa askofu, tumbo la fisi. Ningejua asubuhi ile nisingempa mkono, Arva."

Nilikuwa nikicheka mpaka machozi. Mjini kwetu Verl ni mtu wa watu. Kanisani anaimba sauti nzito ya chini, na lango la jirani likivunjika haombwi mara mbili. Ila kinyaa kimemwingia mpaka kwenye mifupa. Halali nje ya nyumba yake kwa sababu ya mashuka. Kwenye chakula cha msiba hagusi viazi vya jibini mpaka ajue vimepikwa jiko la nani. Mkewe, Nedra, amemzoea, na mara nyingi humtania mbele yetu kwamba alimwoa baada ya kumkagua kucha.

Septemba mwaka juzi daktari wa macho alimwambia Nedra kwamba damu inavuja nyuma ya macho yake yote mawili. Atadungwa sindano kila mwezi, zitachelewesha tu. Katikati ya macho patakufa, pembeni patabaki. Mwaka mmoja, labda pungufu. Nedra alikuwa na miaka sitini na nne, amekata nywele za wanawake wa mji huu tangu akiwa msichana, na hakulia mbele ya mtu. Alikuja ofisini kwetu na ramani.

"Nataka gari dogo," alisema. "Aprili. Tupite Zion, Bryce, Capitol Reef, halafu tulale siku mbili kule ukingoni mwa korongo, Canyonlands. Baba alinilaza pale nikiwa na miaka tisa. Ukiamka unafungua mlango, mwanga unashuka kwenye mawe mekundu, tabaka kwa tabaka, mpaka mtoni chini. Nataka nifungue mlango nikiwa na Verl, macho yangu yakiwa bado yangu."

Verl alikuwa kwenye sinki, ananawa. Alisema sawa mke wangu. Sauti yake haikunipendeza.

Wiki ile nzima alipanga safari kwenye meza yangu. Sijaona mpango wa kuchukiza kama ule. Watu hupanga safari ya jangwani kwa kufuata miinuko, au maua, au vivuli vya kupumzikia. Verl alipanga kwa vyoo. Anajua kila choo cha umma kutoka hapa hadi mpaka wa Colorado, kipi kinaoshwa saa ngapi na kipi kina mlango usiofunga. Alichora mstari kutoka kimoja hadi kingine, ili choo cha ndani ya gari kisiguswe hata mara moja. Bryce alimpa mkewe muda wa saa mbili tu, maana choo alichokiamini pale hufungwa saa kumi jioni. Ile kambi ya ukingoni haina maji, haina choo cha kuaminika wala shimo la kumwagia, imezungukwa na mawe matupu. Akaikata kwa wino mwekundu.

Nedra alipokuja akaiona, akachukua kalamu yangu na kuirudisha ile kambi kwenye ramani.

"Pale itabidi tutumie cha kwenye gari, Nedra," Verl alisema.

"Basi tutakitumia."

"Tulale hoteli. Tutatoka alfajiri, tutakuta jua linachomoza."

"Sitaki kufika, nataka kuamka pale." Alimwangalia na kutabasamu. "Verl Esplin, umelala na mimi miaka arobaini na moja. Ulidhani nakula hewa?"

Mimi nilicheka. Verl aliinua kikombe cha soda na kunywa, ingawa kilikuwa kimebaki barafu tupu.

Sasa nieleze jinsi kambi zile zinavyopatikana, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Nafasi hufunguliwa kwenye tovuti miezi sita kabla, siku ile ile, saa mbili kamili asubuhi. Ukingoni pale ni nafasi kumi na mbili tu, na nchi nzima inazigombea. Kufumba na kufumbua zimekwisha. Na katika mji huu hakuna mtu anayezipata kama Verl. Wateja humpigia simu wakimbembeleza. Anaweka saa ya simu kando ya kompyuta, anahesabu kwa midomo, anabonyeza. Katika miaka kumi na saba sikumwona akikosa hata siku moja, hata kwa wale anaowaita fisi.

Asubuhi ya tarehe ishirini Oktoba nilisimama nyuma ya kiti chake. Saa ilipogonga mbili, ukurasa ulifunguka vizuri kabisa. Nafasi namba saba ilikuwa wazi, ile ya mwisho ukingoni, aliyoitaka Nedra. Mkono wa Verl ulikuwa kwenye kipanya. Nikauona ukiinuka, ukaenda kwenye kikombe cha soda, ukakaa hapo. Nafasi namba saba ikazimika. Nyingine zikafuata. Hakunywa hata tone.

Kisha akampigia mkewe. "Zimekwisha, mpenzi. Mtandao umenichelewesha."

 Halafu nikamsikia Nedra. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Basi. Umejitahidi."

Alipokata simu nilimwambia kwamba ananitia kinyaa kuliko chochote alichowahi kukivuta kwa ile ndoano. Sikuchagua maneno. Nilimwita mwongo, mkavu wa uso. Nikamwambia wageni wa Ohio amewabonyezea, na mkewe amemnyima.

Hakukasirika. Aliangalia mikono yake, myekundu kwa kusuguliwa.

"Arva, wewe hujui," alisema. "Nikishamwaga tangi la mtu, siwezi tena kumwona usoni. Najaribu. Naona lile bomba tu. Yakinitokea kwa Nedra?"

Huenda mtu mwingine angemhurumia. Mimi nilimwambia mke mgonjwa hafungiwi njia kwa sababu mumewe anaogopa harufu. Alisema si harufu. Alitoka akaenda uani, na kwa miezi kadhaa tulisalimiana kwa vichwa tu.

Nami sikuwa bora. Nilimwona Nedra kanisani kila Jumapili, nikampa mkono, nikanyamaza. Nilijiambia si ndoa yangu. Ila kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi nilikuwa naingia kwenye ile tovuti kutazama kama kuna aliyejitoa. Mwezi Machi mtu alijitoa. Si namba saba, ilikuwa namba nne, siku mbili za Aprili, ukingoni pia. Nilibonyeza kwa jina la Nedra Esplin, nikaenda kwake saluni nikiwa na karatasi mkononi.

Alikuwa anakunja mataulo. Nikamwambia yote, hata mkono wa Verl ulivyokwenda kwenye kikombe.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Verl hakosi." Akaweka taulo juu ya jingine, akalinyoosha. "Nilikuwa namsubiri aniambie mwenyewe."

Jioni ile ile alimwambia mumewe kwamba amepata nafasi, na akamwomba aje. Alimwomba mara moja tu. Verl alisema mgongo unamsumbua. Asubuhi iliyofuata nilimwona mgongo huo huo ukiinua tairi mbili.

Basi niliendesha mimi. Tuliichana ile ramani ya vyoo, tukakaa Bryce siku nzima. Tulikula viazi vya kukaanga na mchuzi wetu wa rangi ya waridi, wa mayonezi na nyanya, kando ya barabara, tukakitumia kile choo kidogo cha gari tulivyohitaji, kwa zamu, mmoja akiimba kwa sauti ili mwingine asione haya. Hakuna aliyekufa. Siku ya tatu Nedra alisema mstari wa katikati ya barabara umepinda. Haukuwa umepinda. Nilikanyaga mafuta.

Ukingoni tulifika jua likiwa bado juu. Asubuhi alifungua mlango mwenyewe, miguu peku, blanketi mabegani. Mwanga ulishuka kama alivyosema, tabaka kwa tabaka, mpaka chini kabisa. Alisema doa limeingia katikati ya macho, dogo, lakini akigeuza kichwa kidogo anaona. Akakigeuza huku na huku mpaka akamaliza bonde lote. Nilikaanga mayai, nikadhani ameridhika.

"Mawe nimeyaona tangu nina miaka tisa," alisema hatimaye. "Nilimtaka yeye asimame hapa, mwanga umpige usoni, nimtazame vizuri. Nilidhani ningebaki na uso ule."

Nilimwambia tutawahi kurudi kwa Verl. Nilifunga kila kitu, nikaacha ile siku ya pili, nikaendesha bila kusimama ila kwa mafuta.  Njiani alikuwa akinyoosha kiganja mbele ya uso wake, anakitazama, anakishusha, na kila mara alikitazama kwa muda mrefu zaidi.

Tuliingia uani saa tisa mchana. Verl alitoka na glavu zake tayari mkononi. Alikuwa ameosha nywele na kuvaa shati la kanisani, nadhani kwa ajili yake. Nedra aliteremka taratibu, akishika mlango. Verl akasimama mbele yake, akafungua mdomo, na katika maneno yote duniani akachagua haya:

"Mlikitumia?"

"Tulikitumia," Nedra alisema.

Verl hakusogea. Akamwita jina, akamwomba msamaha, pale pale mbele yangu na mbele ya mteja aliyekuwa anasubiri funguo. Alikuwa analia. Sijawahi kuuona uso wake ukiwa wazi namna ile, hauna dharau ya mtu yeyote, na Nedra aliunyanyulia kichwa, akautafuta. Kisha akageuza shingo pembeni, kama daktari alivyomfundisha, ili aone angalau sikio na bega la lile shati, maana pale katikati, alipokuwa amesimama mumewe, hapakuwa na mtu.