Kidole Nilichomwinulia Anko Kaitano

Mwanangu, ipo Jumapili moja ambayo hadi leo nikifumba macho naikuta pale pale nilipoiacha. Kaa vizuri nikusimulie, na hiyo simu ilaze kifudifudi. Najua unanielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, lakini leo sihitaji majibu. Nimekuita, ingawa si mimi niliyekuzaa, kwa sababu ya maneno niliyoyasikia Jumamosi. Wewe ndiye nahodha wa klabu sasa, na nilikusikia ukimnong'oneza mwenzako kwamba yule kijana aliyesimama kama mwamuzi ana lake jambo. Sijui kama analo. Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku. Nikiletewa chai tamu kuliko nilivyozoea, huanza kujiuliza nitaombwa nini. Ndiyo maana nasaha hii inafaa itoke kwangu, si kwa mtu mwenye moyo mweupe.

Klabu yetu hii ya kriketi, huku ughaibuni Etobicoke, ilianzishwa na watu wa Dar, Tanga, Nairobi na Kampala, wengi wetu Wagoa, Wakatoliki wa asili ya Kihindi, tuliokuwa tukitoka misani na kwenda moja kwa moja uwanjani, suruali nyeupe zimepigwa pasi na mama zetu. Mechi zetu za kukumbukwa umezisikia kwenye kila harusi. Ipo ile ya bata bukini waliokataa kuondoka uwanjani, tukacheza tukiwazunguka kama wageni waheshimiwa. Ipo ile ya theluji ya mwezi wa Mei, tulipodaka mipira kwa glavu za sufu. Halafu ipo mechi ya Malvern, timu ya upande wa pili wa jiji, na hiyo utaona watu wakiisimulia hushusha sauti, hasa mimi nikipita na sahani yangu.

Unajua desturi yetu. Klabu ndogo kama hizi hazina mwamuzi wa kuajiriwa. Timu inayopiga ndiyo inayotoa waamuzi, wachezaji wake wenyewe, wale ambao zamu yao imepita au haijafika. Unavaa koti jeupe, unasimama nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu, unawahukumu ndugu zako huku ndugu zako wengine wamekukodolea macho pembeni. Sijawahi kuona kazi ya kukaribisha fitina kuliko hiyo.

Siku hiyo koti lilinikuta mimi. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na mshindi angechukua kombe. Aliyekuwa akipiga ni Anko Kaitano, nahodha wetu, ndugu wa mama yangu. Huyu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa na koti la kuazima, akanilaza sebuleni kwake Parkdale, akanitafutia kazi kwenye ghala alikofanya kazi yeye. Aliyekuwa akirusha mpira ni Rui wa Malvern. Na dada yake Rui, aliyekaa upande wao akigawa sambusa, ni Filomena, msichana niliyetaka kumuoa. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu.

Kulikuwa na jambo lingine. Sisi uwanjani Kiswahili kilikuwa lugha ya siri. Tukicheza na Wajamaika au watu wa Guyana tulipangana mbinu kwa sauti kubwa, na wao hawaambulii kitu. Malvern walitoka Afrika Mashariki kama sisi, kwa hiyo siku ya kucheza nao tulinyamaza. Na asubuhi ile, kabla ya mchezo, mimi nilisimama na Rui nyuma ya magari tukizungumza Kiswahili kwa sauti ya chini. Nilikuwa namuuliza kama baba yake atakuwepo nyumbani Jumapili inayofuata, nipeleke wazee wangu wa posa. Shavieri, mdakaji wetu, mtu mwenye macho ya kunguru, alituona. Hakusogea kuuliza. Alitazama tu, akaenda kufunga kamba za viatu vyake taratibu sana.

Tulibakiza mbio chache tu kushinda. Rui akarusha, Anko akanyoosha gongo, nikasikia kisauti kidogo, kama mtu anayekata ukucha. Mpira ukadakwa nyuma yake. Malvern wote wakapiga kelele wakinigeukia. Mpira ukiligusa gongo kisha ukadakwa kabla haujafika chini, mpigaji ametoka. Hilo mtoto mdogo anajua. Lakini Anko hakuondoka. Alisimama pale akanitazama, uso hauna kitu. Mimi nilisikia nilichosikia. Nikainua kidole, ishara kwamba ametoka.

Akaondoka, na baada yake tukaporomoka. Kombe likaenda Malvern.

Hakuna aliyenitukana, mwanangu. Ningeshukuru wangenitukana. Sahani ya sambusa ilipita mbele yangu ikaenda kwa wengine. Shavieri alikuwa akimuuliza huyu na yule kama walimwona mtu niliyekuwa naye nyuma ya magari, na tulikuwa tukiongea lugha gani. Msimu uliofuata, kila nilipolinyooshea mkono koti la mwamuzi niliambiwa pumzika, Agnelo, umechoka. Mechi ikapewa jina: ile ambayo Kaitano aliuzwa na mpwa wake. Miaka ikapita, watoto waliozaliwa baada yake wakaisimulia kama walikuwepo.

Na Anko? Aliendelea kunipenda. Alisimamia harusi yangu, akambeba mwanangu wa kwanza kwenda kubatizwa. Lakini wakiisimulia mechi mbele yake alikuwa anatazama glasi yake na kutabasamu kidogo, na watu wakamwonea huruma, nami nikaona kwamba huruma ile inamkalia vizuri. Alikuwa mtu mmoja tu duniani anayejua kama mpira uligusa gongo lake. Nilikaa naye mezani Krismasi nyingi na sikumuuliza. Niliogopa. Niliogopa asije akaniambia hakuugusa.

Maana shaka, ikikosa mtu wa kumtafuna, hukurudia mwenyewe. Nilianza kulishuku sikio langu. Labda nilisikia kwa sababu nilitaka kumfurahisha Rui. Labda nilitaka baba yake afungue mlango akicheka. Nikamshuku hata mke wangu. Filomena alipoletewa posa alichelewa kujibu, akatuweka tukingoja hadi mvua zikageuka theluji, kisha akakubali. Nikajiambia, huyu ananilipa fadhila. Na kila mechi ya Malvern ilipotajwa kwenye sherehe, yeye aliinuka kwenda kuchemsha chai. Nilimtazama mgongo wake nikasema moyoni, anaona aibu kwa ajili yangu. Nimeishi na mawazo hayo na mwanamke huyo nyumba moja, kitanda kimoja.

Anko alipozeeka sana alipelekwa nyumba ya kutunzia wazee, hapo hapo Etobicoke. Kiingereza kilikuwa kimemtoka karibu chote, amebakiwa na Kiswahili, na bahati yake nzuri aliyemhudumia ni mama mmoja wa Bukavu, wakaelewana vizuri. Siku moja nilikuwa nimekaa naye tukitazama kriketi kwenye televisheni. Mpigaji mmoja akashukiwa kuugusa mpira, wakarudisha picha polepole, tukaona wazi. Anko akaguna. Sijui ujasiri niliupata wapi.

"Anko, siku ile ya Malvern, uliugusa?"

Alinyoosha kidole akanionyesha ncha ya ukucha wake. "Niliugusa. Kidogo hivi."

Nikamuuliza mbona alikaa kimya miaka yote hiyo, watu wakinila nyama.

"Kwanza niliona haya. Halafu wakaanza kunipenda kwa ajili ya kisa kile," akasema. "Na hamkuniuliza. Klabu nzima aliniuliza mtu mmoja tu. Mkeo. Alikuja Parkdale peke yake, kabla hajakupa jibu la posa. Alisema haolewi na mtu anayeuza ndugu zake. Nikamwambia kweli, nikamwomba aniachie niseme mwenyewe."

Niliendesha gari kurudi nyumbani nikilia, na mimi si mtu wa kulia. Filomena nilimkuta jikoni. Nikamwambia Anko amesema. Akazima jiko, akafuta mikono. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, hata mara moja, hata kwa fumbo, na kwa nini alikuwa akiinuka kila mara.

"Niliinuka kwa sababu nilishindwa kuwasikiliza wakikusingizia na nimeahidi kunyamaza," akasema. "Wewe sikudhani unahitaji kuambiwa. Nilidhani unajua ulichosikia."

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kushuku, macho umepewa uyatumie. Lakini shaka ikikuingia, ipeleke kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla haijapata jina na watu wa kuisimulia. Muulize usoni, kwa adabu, na uwe tayari kwa jibu usilolitaka. Na ukishukiwa wewe, usikae ukingoja kuulizwa, nenda kamtafute anayejua ukweli. Yule kijana wa Jumamosi anakaa jengo la pili kutoka hapa. Lifti yao ni mbovu, utapanda ngazi.

Mungu akupe sikio linalosikia sawasawa na moyo wa kuliamini. Akupe mwenza atakayepanda ngazi kuulizia habari zako kabla hajazikubali. Haya, vaa koti uende, na usiende na mwenzako yule wa kunong'ona naye.